Mkandarasi ameniachia paa linalovuja, naye bado anadai nyongeza

SWALI

Mheshimiwa Wakili,

Pokea salamu zangu kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo pamoja na kidogo ninachobakiza kila mwisho wa mwezi. Kuta zilipofika kwenye linta ilibaki kazi ya kuezeka, kupiga plasta ndani na nje, na kumwaga sakafu. Mwezi wa Novemba mwaka jana nilikubaliana na mkandarasi mmoja niliyeelekezwa kwake na mtu tunayefahamiana. Alinionyesha kadi yenye jina la biashara yake na nambari aliyosema ni ya usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kisha akaniandikia makisio ya shilingi 640,000, kazi na vifaa vyote pamoja. Tulitia sahihi karatasi moja tu, na chini yake pameandikwa kwamba pesa zikishalipwa hazirudishwi kwa sababu yoyote ile, na kwamba malalamiko yote yataamuliwa na "mzee wa mradi" atakayeteuliwa na mkandarasi mwenyewe.

Nimemlipa shilingi 480,000 kwa awamu, nyingine kwa M-Pesa na nyingine kupitia benki. Kufikia Februari alikuwa ameezeka na kupiga plasta ya ndani, nami nikahamishia vitu vyangu humo ili nisiendelee kulipa kodi. Mwezi wa Machi alinijulisha kwamba bei za vifaa zimepanda, kwamba kazi nzima sasa ni shilingi 910,000, na kwamba hatarudi mpaka nimlipe nyongeza. Nilikataa. Masika yalipoanza paa lilivuja katika vyumba viwili, godoro na televisheni vikaharibika, vitu vyenye thamani ya kama shilingi 45,000. Plasta nayo imepasuka na inabanduka. Fundi mwingine aliyepanda juu kutazama alisema kwamba mbao ni nyembamba na zimeachana mno, na kwamba mabati hayakupishanishwa vya kutosha. Kurekebisha yote na kumalizia kazi iliyobaki alikadiria shilingi 390,000.

Mkandarasi hapokei simu zangu tena, ingawa mashine yake ya kuchanganyia zege bado iko uani kwangu. Niliitafuta ile nambari ya usajili kwenye tovuti ya Mamlaka na sikumwona. Kaka yangu anasema nimpeleke polisi, jirani ananishauri niuze mashine, na walimu wenzangu wanataka nimweke mtandaoni na picha yake ili watu wamjue. Je, ile karatasi imenifunga? Naweza kurudishiwa pesa zangu, na nianzie wapi?

Mwalimu, Kisauni

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Pole sana kwa hasara na kwa usumbufu wa kuingia katika nyumba yako mwenyewe kisha mvua ikakufuata ndani. Nianze na ile karatasi, kwa sababu naona ndiyo iliyokutia hofu, nayo ina nguvu ndogo kuliko unavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na anachokinunua, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012, inazishusha haki hizo hadi kwenye mikataba ya kawaida kama wako. Inamhesabu kila mtoa huduma kuwa ameahidi huduma yenye ubora unaofaa, hata kama hakutamka ahadi hiyo, na inasema kwamba haki inazozitoa zinabaki palepale hata mtumiaji akitia sahihi maandishi yanayoziondoa. Kwa hiyo maneno ya kwamba pesa hazirudishwi hayamkingi mtu aliyelipwa kisha akafanya kazi mbovu. Na yule "mzee wa mradi" asikusumbue: chini ya Sheria hiyo hata kifungu cha usuluhishi kilichoandikwa kwa ustadi hakiwezi kumfungia mtumiaji mlango wa mahakama katika haki alizopewa humo, sembuse mwamuzi anayeteuliwa na upande mmoja.

Sasa nyongeza. Hapa sheria iko wazi kwa namna ambayo wateja wengi wa wakandarasi hawajapata kuambiwa, na inaniuma kila ninapomwona mtu amekwisha kulipa. Mkataba wa mtumiaji ukiwa na makisio, mtoa huduma haruhusiwi kutoza kiasi kinachozidi makisio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Kwako asilimia 10 ni shilingi 64,000, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ambacho angeweza kukudai kwa kazi iliyokamilika na iliyo sawa ni shilingi 704,000. Shilingi 910,000 anazozitaja zinapita mpaka huo kwa shilingi 206,000, na kupanda kwa bei ya mabati au simenti ni hatari aliyoibeba yeye alipoandika makisio. Mtumiaji ana haki ya kumtaka mtoa huduma afanye kazi kwa bei iliyokisiwa. Ipo hali moja tu unayopaswa kuikumbuka kwa uaminifu kabla ya kuandika lolote: ikiwa baada ya kutia sahihi uliomba kazi mpya, tuseme choo cha ndani au baraza ambayo haikuwamo, mkaafikiana bei yake, basi makisio yalibadilika kwa kiasi hicho. Kama hukuongeza kitu, hesabu yangu ndiyo hiyo.

Jambo la usajili ni zito zaidi kuliko ulivyoliandika. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa, na wanaosajiliwa hupangwa katika madaraja manane, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8 (NCA ni kifupi cha jina la Mamlaka hiyo kwa Kiingereza). Tena, Sheria ya Kulinda Watumiaji inapoorodhesha maelezo ya uongo, inataja waziwazi mtu kujidai kuwa ana idhini au hadhi ambayo hana. Mkataba uliofungwa kwa sababu ya uongo wa aina hiyo unaweza kubatilishwa na mtumiaji, na mahakama inaweza hata kumtoza mkosaji fidia ya kumwadhibu, juu ya fidia ya hasara. Lakini mlango huu una saa yake: taarifa ya kubatilisha inapaswa kutolewa ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mkataba. Wewe ulitia sahihi Novemba, kwa hiyo usiiache Novemba nyingine ikufikie ukiwa bado unangoja apokee simu. Haki ya kudai fidia kwa kuvunjwa mkataba huishi zaidi, miaka 6 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, ila sioni faida yoyote ya kuitumia miaka hiyo kwa kusubiri. Ili kuthibitisha jambo la usajili, usitegemee ulichokiona kwenye simu peke yake. Iandikie Mamlaka ikujibu kwa maandishi kama mtu huyo au biashara hiyo imesajiliwa, na uihifadhi barua yao.

Swali lako la kurudishiwa pesa linahitaji uangalifu, kwa kuwa wateja wengi hudai kila senti waliyolipa na hapo ndipo mahakama huanza kuwatilia shaka. Paa lipo, hata kama ni bovu, na mbao na mabati mengine yatatumika tena. Sheria inatambua hali hiyo: pale ambapo kurudishiana kila kitu hakuwezekani tena, mtumiaji anaweza kudai tofauti kati ya alicholipa na thamani ya alichopata, au fidia, au vyote viwili. Njia iliyo rahisi kueleza mbele ya mwamuzi ni hii. Kazi ilikuwa ikugharimu shilingi 640,000, umelipa 480,000, bado una mkononi 160,000 ambazo hukuzitoa. Ikiwa kurekebisha na kumaliza ni shilingi 390,000, basi ukiziondoa zile 160,000 hasara yako kwenye jengo ni 230,000. Ongeza vitu vilivyoharibiwa na mvua, 45,000, unafika kwenye shilingi 275,000, pamoja na riba na gharama za kesi. Naona ulifanya vyema sana kukataa kulipa nyongeza. Zile 160,000 ulizobaki nazo zimekuwa kinga yako kuliko karatasi yoyote.

Hesabu hiyo, hata hivyo, imesimama juu ya neno la fundi mmoja, nalo halitoshi. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya au mkadiria ujenzi aliyesajiliwa na bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji ujenzi, apande, apime mbao na nafasi zake, apige picha, aeleze kwa maandishi kasoro ni zipi, zimetokana na nini, na zitagharimu kiasi gani kurekebishwa. Ukadiriaji wake ukitofautiana na wa fundi, fuata wa mtaalamu, hata kama ni mdogo. Risiti ya malipo yake uiweke, kwa sababu inaweza kuingia katika gharama. Kabla hajaja, usibomoe chochote. Mtaalamu akishamaliza, funika paa kwa turubai au uzibe palipo wazi, kwa maana sheria ya mikataba inamtaka aliyekosewa achukue hatua za kawaida za kuzuia hasara isizidi, na mkandarasi atakuja kuuliza kwa nini uliiacha mvua iendelee kuingia miezi yote hiyo.

Malipo ni rahisi kuthibitisha. Taarifa ya M-Pesa unaipata kwa kupiga *334#, na benki itakupa taarifa ya akaunti. Ujumbe wa WhatsApp, sauti alizokutumia na picha za kazi usizifute, na simu yenyewe usiibadilishe kabla kesi haijaisha. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti cha maelezo ya jinsi ulivyotolewa kwenye kifaa na kuchapishwa. Mahakama nitakayokutajia hapa chini haifungwi na kanuni kali za ushahidi, lakini cheti hicho ni ukurasa mmoja tu, na kukiandaa mapema kunamnyima mpinzani wako hoja.

Kuhusu ushauri uliopewa na watu wako wa karibu, nasema kwa heshima zote kwamba wawili kati yao watakuponza. Mashine ya kuchanganyia zege si mali yako, na kuiuza kutamfungulia mkandarasi dai dhidi yako ambalo anaweza kulileta ndani ya kesi yako mwenyewe. Ipige picha, iorodheshe pamoja na vifaa vingine mbele ya shahidi, umwandikie aje aichukue siku fulani. Kumweka mtandaoni na kumwita mwizi kabla mahakama haijasema lolote kunaweza kukuletea kesi ya kumchafulia jina, na utajikuta unatumia pesa za paa kumlipa wakili wa kukutetea. Uchungu wako una haki, lakini uhifadhi kwa ajili ya barua na kwa ajili ya mahakama.

Barua ndiyo hatua inayofuata, na unaweza kuiandika wewe mwenyewe. Taja tarehe ya mkataba, makisio, malipo yote kwa tarehe zake, kasoro kama zilivyoelezwa na mtaalamu, na ule uongo wa usajili. Tamka wazi kwamba unaubatilisha mkataba kwa sababu ya maelezo ya uongo na kwamba, kwa kuwa kurudishiana yote hakuwezekani, unadai fidia ya kiasi fulani. Mpe muda wa kujibu, siku 14 zinatosha, na umwalike ndani ya muda huo aje na mtaalamu wake kukagua akitaka, ili asije akasema hakupewa nafasi. Ipeleke kwa njia zaidi ya moja, kwa mkono mbele ya shahidi, kwa barua pepe na kwa WhatsApp, ubakishe nakala. Akija na pendekezo la kukulipa kwa awamu, lisikilize, ila liandikwe na litiwe sahihi, na lisivuke ile Novemba bila malipo ya maana kufanyika. Kumrudisha yeye juu ya paa, hapana: mtu asiyesajiliwa aliyekwisha kuonyesha kazi yake sioni sababu ya kumkabidhi nyumba mara ya pili.

Kabla ya kwenda mahakamani hakikisha unamshtaki nani. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Nyuma yake yuko mwenyewe, na yeye ndiye wa kushtakiwa. Kama ni kampuni, kampuni ndiyo mshtakiwa. Utafutaji rasmi unafanyika kupitia eCitizen, kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara, kwa ada ndogo. Nimeona madai mazuri yakiyumba kwa sababu jina lililoandikwa kwenye hati ni lile la kwenye kadi tu.

Mahakama inayokufaa ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo ina kituo Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma, na ya uharibifu wa mali. Sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unaweza kujisimamia bila wakili na unaweza kuzungumza Kiswahili. Mimi ningeijenga kesi yako kwanza juu ya kuvunjwa kwa mkataba wa huduma, kwa sababu dai hilo limetajwa moja kwa moja katika mamlaka ya mahakama hiyo, kisha ningeitumia Sheria ya Kulinda Watumiaji kuonyesha kwamba ubora uliahidiwa, kwamba kiwango cha asilimia 10 kilivukwa, na kwamba maneno ya kutorudisha pesa hayana nguvu. Peleka kila kitu ulichonacho mara moja, kwa kuwa rufaa kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni ya hoja za sheria pekee. Usichokithibitisha kwa mwamuzi wa kwanza hutapata nafasi ya kukithibitisha mbele.

Kaka yako hakukosea kabisa anapotaja polisi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 313, inamwadhibu hadi miaka 3 gerezani mtu aliyejipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Udanganyifu huo, hata hivyo, ni wa jambo lililopo au lililokwisha kuwapo. Ahadi ya kumaliza kazi mwezi ujao ambayo haikutimizwa si jinai, ni deni. Kusema "nimesajiliwa" hali hujasajiliwa ni jambo la aina ya kwanza, kwa hiyo unayo sababu ya kuandikisha ripoti, na kesi ya jinai na ya madai zinaweza kwenda pamoja. Ila nenda kituoni kuripoti kosa, usiende kuomba askari wakukusanyie pesa, maana hiyo si kazi yao na mashtaka yaliyofunguliwa kwa nia hiyo huvunjika. Ripoti pia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inachunguza maelezo ya uongo wanayopewa watumiaji. Hatua hizo hazikusimamishii saa ya Novemba, na kesi yako isizisubiri.

Nimalizie na jambo ambalo mashauri mengi ya aina hii hukwamia, nalo ni kulipwa baada ya kushinda. Hukumu ni karatasi mpaka itekelezwe, kwa hiyo anza leo kukusanya habari za mali zake. Kama ana gari, nambari yake inatosha kuomba kumbukumbu za umiliki kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Akaunti ya benki uliyomtumia pesa tayari unaijua. Dalali wa mahakama anaweza kukamata mali zake, isipokuwa zile ambazo Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inazikinga, ambamo mna vifaa ambavyo fundi anavihitaji kwa kazi yake. Kifungo cha madai, yaani kufungwa gerezani kwa kutolipa deni la hukumu, nacho kipo, lakini mahakama haikitoi kirahisi kwa mtu asiye na uwezo wa kulipa. Kwa mkandarasi kuna njia ninayoipenda kuliko hizo zote: mahakama inaweza kuamuru mtu anayedaiwa na mkandarasi wako akulipe wewe badala yake. Mtu wa kazi hiyo, akikuacha wewe Kisauni, kwa kawaida yuko kwenye mradi mwingine mahali fulani akingoja awamu inayofuata. Ujue ni wapi na mwenye nyumba hiyo ni nani, uyaandike, na siku ya hukumu uwe nayo majina hayo mkononi ili uombe amri hiyo mara moja kabla awamu hiyo haijalipwa.

Wako,
Wakili wa safu hii